Mkataba wa Kudumu, Kibali cha Kupita

Mhadhara uliotolewa mbele ya umma mjini Mombasa

Niliombwa nijibu swali ambalo wakili yeyote wa kazi huulizwa kila mara hapa pwani: mtu anayekwenda kufanya kazi ng'ambo kwa udhamini wa mwajiri, ni heri atie saini mkataba wa muda maalumu au mkataba wa kudumu? Najua mnatarajia jibu la wakili, kwamba inategemea. Mtalipata, ila kwanza nitawaambia inategemea nini, maana hapo ndipo wengi wanapopotea.

Hapa kwetu kazi ya kudumu ni heshima. Benki humwangalia mwenye kazi ya kudumu kwa jicho jingine, na wakwe pia. Wahudumu wa afya walioajiriwa kwa kandarasi mwaka 2020 wameingia barabarani mara kadhaa kudai masharti ya kudumu na pensheni, na madai yao yalikuwa ya haki. Kwa hiyo kijana wa Likoni akiletewa barua ya kazi kutoka Leeds au Dubai, neno analolitafuta kwanza ni hilo. Akiliona, roho hutulia. Asipoliona, huanza kushuku kwamba wakala amemuuza kwa bei ya chini.

Mimi nasema ameangalia karatasi isiyo yenyewe. Mfanyakazi wa udhamini ana karatasi mbili. Moja ni mkataba, aliousaini yeye na mwajiri. Ya pili ni kibali, ambacho serikali ya ugenini imekitoa kwa sababu mwajiri huyo ameomba, na ambacho kwa kawaida hakitumiki kwa mwajiri mwingine. Nyinyi wa Majengo na Kisauni mnazijua nyumba zisizo na ardhi. Mtu amejenga kwa mawe, ameezeka, ameoza mabinti katika nyumba hiyo, lakini kiwanja ni cha mwingine na kodi ya ardhi hulipwa kila mwezi. Nyumba ni yake kweli, hakuna anayebisha. Ila siku mwenye ardhi akitaka uwanja wake, unene wa kuta hauna msaada. Mkataba wa kudumu uliosimama juu ya kibali cha miaka miwili ni nyumba ya namna hiyo.

Nianze na Uingereza, kwa kuwa huko neno kudumu hutolewa kwa ukarimu. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano kuhusu wahudumu wa afya, na wauguzi wetu wamekuwa wakiajiriwa kupitia njia hiyo ya serikali kwa serikali. Barua ya hospitali ya umma mara nyingi husema waziwazi kwamba ajira ni ya kudumu, na husema kweli. Lakini viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi, iliyoanza Desemba 2020, haitolewi kwa zaidi ya miaka mitano kwa mara moja. Inategemea cheti cha udhamini, na mwajiri ndiye anayekitoa na kuandika humo tarehe ya mwanzo na ya mwisho. Hapo pana hesabu ambayo muuguzi haelezwi. Mwajiri mkubwa hutozwa na serikali ada kwa kila mwaka wa udhamini. Kwa muda mrefu ilikuwa pauni 1,000 kwa mwaka, na Desemba 2025 ikapandishwa hadi 1,320. Hulipwa mapema kwa kipindi chote, na haruhusiwi kumkata mfanyakazi fedha hiyo. Sasa jiwekeni mahali pa mhasibu wa hospitali. Hujui kama mgeni huyu atapendezwa na baridi ya Newcastle. Utalipia miaka mitano au mitatu? Ndiyo maana mkataba usio na mwisho unaweza kuja na cheti cha miaka mitatu, na wala hakuna aliyedanganya.

Miaka mitatu ikiisha na cheti kisiongezwe, ile kudumu inakwenda wapi? Sheria ya Haki za Ajira ya mwaka 1996 imeorodhesha sababu halali za kumwachisha mtu kazi, na mojawapo ni kwamba mtu huyo hawezi kuendelea na kazi yake bila kuvunja sheria nyingine. Viza iliyokwisha ni hali hiyo hasa. Na mwajiri hana subira, kwa kuwa tangu Februari 2024 faini ya kumwajiri asiye na ruhusa hufika pauni 45,000 kwa kila mfanyakazi kwa kosa la kwanza, na 60,000 kosa likirudiwa. Akikuachisha atatakiwa kufuata utaratibu na kukupa notisi. Lakini atakuachisha.

Tazameni sasa upande wa pili. Mwenye mkataba wa muda maalumu nchini Uingereza si yatima. Kanuni za mwaka 2002 zinakataza atendewe vibaya kuliko mwenzake wa kudumu bila sababu ya msingi. Akifanya kazi miaka minne kwa mikataba inayofuatana, anahesabiwa kuwa wa kudumu, isipokuwa mwajiri awe na sababu ya msingi ya kukataa. Na mkataba wake ukifika mwisho bila kuongezwa, sheria inalihesabu hilo kuwa ni kuachishwa kazi, kwa hiyo mlango wa baraza la kazi haujafungwa. Ukiweka karatasi hizo mbili mezani, tofauti ni ndogo kuliko majina yake.

Kuna mahali pamoja tu ambapo tofauti ni kubwa, na anayetaka kuhamia huko na watoto wake lazima apajue. Baada ya miaka mitano mfanyakazi wa udhamini ameweza kuomba ukaazi usio na kikomo, na mojawapo ya masharti ni kwamba mdhamini athibitishe kuwa bado anamhitaji kwa siku zijazo zinazoonekana. Mwenye mkataba unaokwisha mwezi ujao ataipata wapi barua hiyo? Hapo mkataba wa kudumu una thamani ya fedha taslimu. Ila msiweke hesabu zote kwenye mwaka wa tano: Mei 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza nia ya kufanya kipindi cha kawaida kiwe miaka kumi.

Wale waliokwenda kulea wazee katika nyumba za utunzaji yamewafika mengine. Njia yao ilifunguliwa Februari 2022 na kufungwa kwa waombaji wapya wa kutoka nje tarehe 22 Julai 2025. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 serikali ilifuta leseni zaidi ya 470 za udhamini katika sekta hiyo, na wafanyakazi zaidi ya 39,000 walikuwa wamehusishwa na waajiri hao. Sioni haja ya kuuliza mikataba yao ilikuwa ya aina gani. Leseni ya mdhamini ikifutwa, kibali hukatwa, na kwa kawaida mtu hupewa siku 60 atafute mdhamini mwingine au aondoke. Wa kudumu na wa muda hupanga foleni moja.

Tuvuke sasa kwenda Umangani, ambako wengi wetu tuna ndugu.

Katika Umoja wa Falme za Kiarabu sheria ya kazi ya mwaka 1980 iliruhusu mikataba yote miwili, wa muda na usio na muda. Tarehe 2 Februari 2022 sheria mpya ilianza kufanya kazi na ikafuta mkataba usio na muda katika sekta binafsi. Kila mtu, hata aliyekaa Sharjah miaka ishirini, alitakiwa ahamishiwe kwenye mkataba wenye tarehe ya mwisho. Waajiri waliongezewa muda wa kufanya hivyo hadi mwisho wa 2023. Hapo mwanzo sheria iliweka ukomo wa miaka mitatu kwa mkataba mmoja, kisha ukomo huo ukaondolewa. Habari zilipofika huku, watu walisema wafanyakazi wameporwa kazi za kudumu. Mimi naomba tufungue daftari.

Chukua fundi mwenye mshahara wa msingi wa dirhamu 3,000, aliyefanya kazi miaka minne kisha akaamua mwenyewe kuacha. Kiinua mgongo chake ni mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, yaani siku 84, yaani dirhamu 8,400. Chini ya sheria ya zamani, kama alikuwa na mkataba usio na muda, kuacha kwake kazi kulimpunguzia haki hiyo hadi theluthi mbili: 5,600. Kama alikuwa na mkataba wa muda na akauvunja kabla haujaisha, na hajatimiza miaka mitano, hakupata hata senti. Sheria mpya inampa zote 8,400, mradi ametimiza mwaka mmoja. Kwa hiyo sheria iliyofuta neno kudumu ndiyo iliyoacha kumwadhibu mtu kwa kuondoka. Nani kaporwa hapo?

Nisiwafiche hasara. Zamani mfanyakazi aliyefukuzwa kwa sababu isiyohusiana na kazi aliweza kudai kwamba ameonewa, na akapewa fidia hadi mshahara wa miezi mitatu. Sheria mpya imebana mlango huo: kufukuzwa kunahesabiwa kuwa haramu hasa pale mtu anapokuwa amefukuzwa kwa kulalamika wizarani au kushtaki. Na mkataba wa muda ukifika tarehe yake, mwajiri anayetaka kuachana nawe hana haja ya kueleza lolote. Ukiniuliza mizani inalalia wapi, nitasema inalalia upande wa fundi anayejua kuhesabu. Asiyejua ataumia kwa mkataba wowote, kwa kuwa kiinua mgongo hupigwa kwa mshahara wa msingi peke yake. Kuna mikataba ya dirhamu 3,000 ambayo ndani yake msingi ni 1,200 na zilizobaki ni marupurupu ya nyumba na usafiri. Aliyesaini huo ameshapoteza zaidi ya nusu ya kiinua mgongo chake kabla ya kupanda ndege, na hakuna sheria iliyovunjwa.

Saudia hawakuhangaika na majina. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Kazi ya mwaka 2005 kinasema mkataba wa asiye Msaudi lazima uwe wa maandishi na wa muda maalumu. Usipotaja muda, hapo awali muda wa kibali cha kazi ndio uliohesabiwa kuwa muda wa mkataba. Tangu marekebisho yaliyoanza Februari 2025, huhesabiwa mwaka mmoja tangu siku ya kuanza kazi, nao hujirudia. Kifungu cha 55 kinamruhusu Msaudi aliyeongezewa mkataba mara tatu, au aliyetimiza miaka minne, awe mfanyakazi wa kudumu. Mgeni hayumo, hata akitimiza thelathini. Napenda uwazi wa namna hiyo kuliko barua yenye maneno matamu. Mtu akikuambia mlangoni kwamba wewe ni mpita njia, angalau utafunga mizigo yako vizuri.

Na kwa mfanyakazi wa kampuni, muda maalumu una nguvu ambayo wachache wanaitumia. Kifungu cha 77 kinasema hivi: mkataba ukivunjwa bila sababu halali, na kama wenyewe hautaji fidia, aliyeumizwa akiwa na mkataba usio na muda hulipwa mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia, na aliyeumizwa akiwa na mkataba wa muda maalumu hulipwa mshahara wa kipindi chote kilichobaki, na kwa vyovyote fidia isipungue mshahara wa miezi miwili. Dereva wa lori aliyefukuzwa kwa uonevu mwezi wa nane, akiwa na mkataba wa miaka miwili, ana miezi 16 ya kudai. Angekuwa na ule wa kudumu tunaoulilia, angepata hiyo miezi miwili. Lakini kifungu hicho hakina upande mmoja. Dereva akiondoka mwenyewe bila sababu halali, mwajiri naye anaweza kukishika. Na mwandishi wa mkataba ni mwajiri, kwa hiyo usishangae kukuta kifungu kinachotaja fidia ndogo mahali pa hiyo ya sheria. Kitafute kabla ya kusaini. Kikiwemo, miezi 16 imeshageuka kuwa kitu kingine.

Nimezungumza juu ya madereva na mafundi, na najua wengi wenu mmekuja kwa sababu ya dada zenu. Sheria hiyo ya kazi haiwahusu. Mfanyakazi wa nyumbani, yule ambaye wenyewe wamezoea kumwita shagala, yuko chini ya kanuni zake pekee. Mkataba wake kwa kawaida ni wa miaka miwili, mshahara ambao wengi kutoka Kenya wameahidiwa ni kati ya riali 900 na 1,000 kwa mwezi, na nyuma yake kuna malipo ambayo familia ya Riyadh au Jeddah imeshalipa kwa wakala kabla hajafika: maelfu ya riali, sawa na mishahara yake ya miezi mingi. Hapa ndipo muda maalumu unapogeuka sura. Kwa dereva, miaka miwili ni ahadi ya mwajiri kwake. Kwa dada wa nyumbani, miaka miwili huonekana na mwajiri kama mali aliyoinunua. Akisema kazi imenishinda, nataka kurudi, jibu analolijua kila mtu ukumbini humu ni moja: rudisha pesa zangu.

Sisemi kila nyumba iko hivyo. Wako walioishi na watu wema, wakajenga, wakasomesha, na hao hawaji kwenye ofisi za mawakili. Nasema mkataba wenyewe umepangwa kwa namna ambayo wema unabaki kuwa hiari ya mwajiri. Shirika la Human Rights Watch lilipotoa ripoti yake ya mwaka 2017 juu ya wafanyakazi wa nyumbani kutoka Tanzania walioko Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu, malalamiko yaliyojaa humo yalikuwa haya haya: pasipoti kushikwa, mshahara kupunguzwa, saa za kazi zisizo na mwisho, na anayetaka kuondoka kudaiwa gharama za kuletwa.

Akiondoka bila ruhusa, mwajiri huripoti kwamba ametoroka, na kuanzia siku hiyo mkataba hauna maana yoyote: ni mtu asiye na kibali. Wakenya walioko huko humwita kemboi, na nimesikia wakilitamka kwa kicheko ambacho si cha furaha. Mageuzi yaliyoanza Saudia tarehe 14 Machi 2021 yaliwaruhusu wafanyakazi wa makampuni kuhama mwajiri na kusafiri bila ridhaa yake kwa masharti fulani. Wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje. Wanaruhusiwa kuhama katika mazingira machache, kwa mfano mshahara usipolipwa kwa miezi mitatu, lakini ushahidi wa kutolipwa anautoa wapi mtu asiyetoka nje ya geti?

Mtazame na kiinua mgongo chake. Kanuni za mwaka 2013 zilimpa mshahara wa mwezi mmoja akitimiza miaka minne mfululizo kwa mwajiri yule yule. Mkataba ni wa miwili. Waliotunga kanuni hiyo walijua hesabu. Ili aupate mwezi huo mmoja, lazima amalize mkataba, auongeze tena kwa nyumba ile ile, na aumalize na huo wa pili. Dereva wa kampuni, nchi ile ile, mkataba ukifika mwisho wake, hulipwa nusu mshahara kwa kila mwaka katika mitano ya kwanza na mshahara mzima kwa kila mwaka unaofuata. Kwa miaka minne, dereva ana miezi miwili na dada wa nyumbani ana mmoja, na dada huyo akikatisha mwezi wa arobaini na saba hana kitu.

Qatar nitaipita haraka, maana imezungumzwa sana tangu Kombe la Dunia. Sheria za mwaka 2020 ziliondoa sharti la cheti cha kutokuwa na pingamizi, na mwaka uliofuata kima cha chini cha riali 1,000 kikaanza kutumika kwa wote, wa nyumbani wakiwemo. Kwenye karatasi ni sheria nzuri kuliko za majirani zake.

Oman ina funzo zaidi kwa mada yetu. Zamani, mgeni aliyemaliza mkataba wake Muscat bila mwajiri kumwandikia cheti hicho, alitakiwa kuondoka na kukaa nje miaka miwili kabla ya kurudi kwa mwajiri mwingine. Tangu tarehe 1 Januari 2021 sharti hilo limeondolewa kwa wafanyakazi wa makampuni: mkataba ukiisha, anaweza kuhama. Sikilizeni maana yake. Tarehe ya mwisho wa mkataba, ile ambayo kijana wa Likoni alikuwa anaiogopa, imekuwa ndiyo siku yake ya uhuru. Fundi hodari wa viyoyozi katika soko kama hilo anafaa kutaka mkataba mfupi, kila baada ya miaka miwili apandishe bei au ahame. Mkataba mrefu ni faida ya mwajiri wake.

Basi jibu la wakili ni hili. Inategemea kama unaweza kuhama. Pale ambapo kibali kinaweza kukufuata kwa mwajiri mwingine, mkataba wa muda maalumu ni silaha, na mtu mwenye ujuzi asiuogope. Pale unapotafuta kukaa moja kwa moja, kama Uingereza, chukua wa kudumu, lakini soma tarehe iliyo kwenye cheti cha udhamini kabla ya kuchukua mkopo wa gari. Na pale usipoweza kuhama, aina ya mkataba ni pambo tu. Mshahara, wakala na jinsi ya kutoka ndivyo vitu vya kujadili.

Sasa niwaudhi kidogo. Tunapolaumu Riyadh na London, tufungue na kabati letu. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011 inatoa kibali cha daraja D kwa mtu aliyepewa kazi mahususi na mwajiri mahususi. Mhandisi au mwalimu wa kigeni aliyeajiriwa hapa Nyali, akigombana na mwajiri, kibali hakimfuati. Tanzania Bara, sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni inatoa kibali cha miezi 24, na nyongeza zake zote zina ukomo, wawekezaji wakitengwa. Mkenya anayefundisha Arusha kwa mkataba unaosema kudumu anaishi katika nyumba ile ile isiyo na ardhi. Nchi ina haki ya kulinda kazi za watu wake, hilo silipingi. Ila mjumbe wetu anayekwenda kuomba siku za ziada kwa ajili ya wauguzi wetu ataulizwa sisi tunawapa wageni wetu siku ngapi.

Makubaliano ambayo serikali zetu zimetia saini na nchi za Ghuba yamebishania mshahara wa kuanzia, na huo ndio unaotangazwa redioni. Ningekuwa mezani ningeanza na mlango wa kutokea. Ningetaka mfanyakazi wa nyumbani aliyemaliza muda wa majaribio aweze kuvunja mkataba kwa notisi, bila kudaiwa gharama za wakala. Gharama hizo ni biashara kati ya mwajiri na wakala, na sheria ya Falme za Kiarabu tayari inamtaka wakala amrudishie mwajiri fedha zake zote mfanyakazi akishindikana ndani ya miezi sita ya kwanza, na sehemu yake baada ya hapo. Ningetaka kibali kibaki hai kwa siku za kutosha kutafuta nyumba nyingine. Riali mia za ziada zinaweza kungoja raundi ya pili.

Nyinyi mnaosafiri mwezi huu hamna nafasi ya kungoja raundi yoyote. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kuanzia kifungu cha 83, inataka mkataba wa kazi ya ng'ambo uwe katika fomu rasmi, usainiwe na pande zote mbili, na uthibitishwe na afisa wa leba, naye kabla ya kuthibitisha ajiridhishe kwamba umekubali kwa hiari yako bila kulazimishwa wala kudanganywa. Kumshawishi mtu asafiri bila mkataba wa namna hiyo ni kosa. Wakala akikuambia utasaini ukifika, huo ndio mwisho wa mazungumzo. Chukua mkataba wako, uende nao leba, umwombe afisa akusomee mbele yako vifungu vitatu: mshahara wa msingi, namna ya kuuvunja, na nani analipa tiketi ya kurudi. Akiwa hayupo ofisini, rudi kesho. Mtu anayekutaka kwa miaka miwili anaweza kukungoja siku moja.